Marafiki wawili, ua mmoja na kichwa cha nywele

Kila mwenye hamu ya kutengeneza filamu na mfuko mtupu hufikia uamuzi uleule: andika watu wawili, waweke nyumba moja, waache wazungumze. Hakuna gari la kugonga, hakuna umati wa kulisha, hakuna nauli za kuhamisha kamera mji hadi mji. Uamuzi huo ni sahihi na ninautetea popote. Shida huanza pale tunapodhani kwamba maneno ni kitu rahisi kwa kuwa hayana bei.

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye lokesheni za Dar es Salaam nikiwa mtunza mwendelezo, yule anayekaa pembeni na daftari akiandika kikombe kilikuwa kimejaa au nusu, mtandio ulikuwa bega la kulia au la kushoto, mwigizaji alikaa kabla ya kusema au baada ya kusema. Kazi hiyo inakulazimisha usikilize kila mstari, kila teki, yaani kila mara kipande kinapopigwa au kurudiwa, tangu asubuhi mpaka usiku. Baadaye nikaandika na kuongoza filamu ndefu yangu mwenyewe, kwetu Tanga. Wanawake wawili wameshibana tangu utotoni. Mmoja anasafiri kesho kwenda Muscat, Oman, kufanya kazi za ndani, mwingine anamsuka rasta ndogondogo usiku wa kuamkia safari. Wanaanza alasiri, wanamaliza usiku wa manane. Hakuna kingine kinachotokea.

Niliambiwa na wengi, tena watu wanaonipenda, kwamba watazamaji wetu hawataki filamu ya maneno matupu, wanataka vitendo. Sikubaliani nao hata kidogo. Watu wetu ni wasikilizaji hodari. Wamekulia kwenye michezo ya redio. "Twende na Wakati" ilianza kurushwa na Redio Tanzania mwaka 1993, na nyumba nzima ilikuwa ikinyamaza kusikiliza watu wasioonekana wakigombana. Shuleni tumesimamishwa mbele ya wazazi kuimba ngonjera, ushairi wa kujibizana ambao mshairi Mathias Mnyampala aliupigania na kuueneza. Na hizo filamu za Bongo zilizouzwa kwa kanda na baadaye kwa DVD, hadithi moja imekatwa sehemu ya kwanza na ya pili, sehemu kubwa yake ni nini kama si watu wawili kwenye sofa wakiambiana? Zilinunuliwa, zikavuka mpaka zikafika Kenya, Burundi na Kongo. Maneno hayajawahi kumchosha Mswahili.

Kinachomchosha ni maneno anayoambiwa yeye huku mhusika akijifanya anamwambia mwenzake. Mstari wa namna hii nimeukuta kwenye skripti nyingi mno: "Wewe ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza, na baba yako alipofariki mama yangu ndiye aliyekulea, sasa leo unanifanyia hivi?" Hakuna binadamu anayemwambia rafiki yake hivyo. Aliyelelewa anajua alilelewa na nani. Ukimkumbusha kwa sentensi kamili, tena yenye viunganishi vyote, umeshamgeuza mgeni. Mwandishi anaogopa mtazamaji atapotea, kwa hiyo anawapa wahusika kazi ya kutangaza habari zao wenyewe, na urafiki unakufa hapohapo.

Kwa hiyo jambo ambalo nililing'ang'ania tangu mwanzo mpaka mwisho wa kazi ile ni hili: urafiki wa kwenye skrini unakaa katika yale ambayo wote wawili wanayajua na hawana haja ya kuyasema. Jinsi ya kuandika, jinsi ya kuchagua waigizaji, mahali pa kuweka kamera, maikrofoni ziwe ngapi, vyote nilivipima kwa hilo.

Kabla ya kuandika nilikaa na wasusi. Ngamiani, ile sehemu ya Tanga yenye barabara zinazoitwa kwa namba, huhitaji kuwatafuta. Jioni utawakuta vibarazani, mmoja kakaa kwenye kigoda, mwingine kakaa kwenye mkeka katikati ya magoti yake. Niliwaeleza ninachotafuta, na nikawaahidi kwamba siri ya mtu haitaingia kwenye filamu. Nilikuwa nafuata namna ya kusema, si yale yanayosemwa. Nikasikia sentensi zilizoachwa nusu. Nikasikia "yule wa juzi" na "lile jambo" na "si nilikwambia?" bila mtu kuuliza yupi, lipi, wala uliniambia nini. Nikasikia jibu likitangulia swali. Mtu anauliza habari ya mtoto, anajibiwa bei ya unga, na wote wawili wanaona hakuna kilichoharibika, kwa sababu bei ya unga ndiyo habari ya mtoto.

Halafu nikaona kitu kilichonipa filamu. Anayesukwa hamwoni anayemsuka. Uso wake uko mbele, wa mwenzake uko juu na nyuma yake. Mambo ambayo wangeshindwa kuambiana macho kwa macho wanayasema kwa urahisi, na mikono haikomi. Na ukiweka kamera mbele yao unawaona wote wawili kwa pamoja. Yule anayesema humwoni peke yake, unamwona na mwenzake anavyolipokea neno pasipo yeye msemaji kujua limepokewaje. Mtazamaji anajua kitu ambacho mhusika hakijui. Kwa filamu isiyo na fedha hiyo ni mali.

Kuna filamu ya Marekani ya mwaka 1981, "My Dinner with Andre", iliyoongozwa na Mfaransa Louis Malle. Wanaume wawili, Wallace Shawn na Andre Gregory, wamekaa mezani kwenye mgahawa wanakula na kuzungumza, na filamu yote ni hiyo. Ukiitazama utaapa kwamba kamera ilifunguliwa tu wakaachwa waseme. Kumbe wale wawili walirekodi mazungumzo yao halisi kwa muda mrefu, Shawn akayachuja mpaka yakawa skripti, wakaihifadhi kichwani neno kwa neno. Hata mgahawa wenyewe, ambao kwenye hadithi uko New York, ulitengenezwa ndani ya hoteli iliyokuwa imefungwa huko Richmond, Virginia. Ninaitaja kwa sababu vijana wengi wanaonijia wanasema, "Dada, sisi tutaigiza papo kwa papo, ndiyo itakuwa ya kweli." Papo kwa papo, watu wasiojuana huishia kuelezana mambo, maana hawana cha pamoja cha kunyamazia. Ukweli wa mazungumzo lazima mtu aufanyie kazi mezani, aandike, afute, aandike tena.

Nikawapa wahusika wangu jambo moja la kunyamazia. Yule anayesuka alishawahi kwenda Muscat. Mikataba ya kazi za ndani huko huwa ya miaka miwili. Yeye alirudi kabla. Hakuwahi kusema kwa nini, na mwenzake hakuwahi kuuliza. Sasa mwenzake anaondoka kesho kwenda kulekule. Usiku kucha swali liko pale, na halitamkwi. Badala yake yanaulizwa mengine:

"Eti maji ya huko yana chumvi?"

"Maji yapi?"

"Ya kuoshea nywele."

"Utajifunga kilemba. Inama."

"Ukijifunga kilemba muda wote, nywele hazikatiki?"

"Zangu zilikatika? Inama, nimesema."

Mistari hiyo ilichukua nafasi ya kurasa mbili nzima. Kwa hesabu ya kawaida ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu, kwa hiyo utaona ni muda gani tuliopata, na muda huo tuliutumia kuangalia nyuso.

Waigizaji walikuwa wawili. Wa kwanza alisomea Bagamoyo, kwenye chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 ambacho siku hizi kinaitwa TaSUBa, na ameigiza jukwaani maisha yake yote. Wa pili ni msusi kweli, hajawahi kusimama mbele ya kamera. Nilimtaka kwa ajili ya mikono. Mwigizaji unaweza kumfundisha kushika chanuo, lakini kasi ya kidole gumba kinachogawa nywele huku akili iko kwenye maneno haifundishiki kwa mwezi. Na mtu akiwa na kazi mikononi hana nafasi ya kuigiza kupita kiasi. Msusi wetu alisema mistari yake vizuri tangu siku ya kwanza kwa sababu nusu ya akili yake ilikuwa kwenye mstari wa nywele.

Lakini hawa wawili hawakuwa marafiki. Walikutana kwenye filamu. Siku za mwanzo za mazoezi sikuwaruhusu kugusa skripti. Msusi alimsuka mwenzake kweli, akamfumua, akamsuka tena. Wakapika pamoja, wakachagua mchele, wakaenda soko la Mgandini pamoja, kila mmoja na kikapu chake. Mimi nilikuwa nikitazama kitu kimoja tu: kichwa. Mgeni ukimsuka unamwomba. "Samahani dada, geuka kidogo." Unakigusa kichwa chake kwa ncha za vidole. Rafiki humwombi. Unakisukuma kichwa kwa kiganja, tena kwa nguvu, unakilaza kwenye goti lako, na yeye anaendelea na maneno yake kama vile kichwa si chake. Siku moja katikati ya mazoezi nikaliona kofi dogo la utosini, la "tulia wewe", na aliyepigwa hakugeuka wala hakukatiza sentensi. Jioni ile nikagawa skripti.

Ningependa wanaofanya filamu za marafiki walitilie maanani hilo zaidi ya yote niliyoyaandika hapa. Tunahangaika kutafuta sini ya kuonyesha kwamba watu wawili wanapendana, tunawaandikia kumbatio, machozi, hotuba. Ruhusa ya mwili inasema kabla yao. Nani anaingiza mkono kwenye sahani ya nani, nani anavaa ndala za nani bila kuuliza, nani anakanyaga mkeka wa mwenzake na miguu yenye vumbi na hasemwi.

Nywele zilituletea mwendelezo mgumu kuliko wowote niliowahi kuutunza. Filamu ya kawaida unapiga sini kwa mpangilio wowote unaokurahisishia, ya mwisho leo, ya kwanza kesho. Sisi tusingeweza. Rasta ndogondogo ni kazi ya saa nyingi, na kichwa kinaonyesha saa ngapi zimepita kuliko hata jua. Ikabidi tupige hadithi kuanzia mwanzo kwenda mwisho, na kila siku tuanzie pale nywele zilipoishia jana. Mwigizaji alikuwa akienda kulala na nusu kichwa, kajifunga mtandio, asubuhi anarudi vilevile. Teki ikiharibika, ule msuko uliosukwa ndani ya teki lazima ufumuliwe kabla ya kurudia. Tuliweka alama kwa uzi mwekundu sehemu isiyoonekana, nyuma ya sikio, ili tujue tunafumua mpaka wapi. Kila kufumua ni maumivu kwa mtu, tena kwenye ngozi ya kichwa iliyokwisha kuchoka. Hilo lilifanya kila mmoja wetu aheshimu teki. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyeacha simu yake wazi.

Kupiga kwa mpangilio kulileta na faida nyingine. Kwenye filamu muda ulikuwa unakwenda, na kwenye maisha pia ulikuwa unakwenda. Kadiri kichwa kilivyokaribia kwisha ndivyo wale wawili walivyokuwa wamezoeana kweli, na kuagana kwao kunakokaribia kulikuwa kunaonekana machoni bila mimi kuagiza.

Kamera ilikuwa moja. Tuliiweka chini, usawa wa macho ya aliyekaa mkekani. Mwongozaji wa Kijapani Yasujiro Ozu alifanya hivyo miaka mingi, kamera karibu na sakafu kwa kuwa watu wake wanakaa chini, na sisi pia ni watu wa mkeka, kwa hiyo sioni kwa nini tuwatazame wahusika wetu kutoka urefu wa mtu aliyesimama mlangoni. Umeme wetu ni wa 50 Hz, hivyo tulipiga picha 25 kwa sekunde na shata, muda ambao kila picha inapokea mwanga, tukaiweka 1/50 ya sekunde, la sivyo taa ya nyumbani inachezacheza kwenye picha. Na taa yenyewe tuliyoitegemea usiku ilikuwa moja, iliyoning'inia kwenye waya juu ya ua wa nyumba tuliyopigia filamu, tukaongeza karatasi nyeupe ukutani kurudisha mwanga usoni. Mengine ya picha sina la kusimulia. Mpiga picha mzuri anajua kazi yake.

Sauti ndiyo nataka kukaa nayo. Filamu ya mazungumzo yenye sauti mbaya haipo. Picha ikiwa na giza kidogo mtu atavumilia, lakini asiposikia neno moja kati ya matano anainuka. Fedha zetu nyingi zilikwenda kwenye vitu viwili, sauti na chakula, na ningepewa tena kiasi kilekile ningekigawa vivyo hivyo. Kila mwigizaji alikuwa na maikrofoni ndogo ya kubana nguoni, na juu yao ilining'inia ya tatu kwenye mti mrefu. Ile ya msusi tuliihamisha mara kadhaa kwa sababu kanga inapokwaruza, kila mkono ukiinuka unasikia kama mtu anachana magazeti. Mwishowe ikakaa kwenye ukosi, chini ya mtandio.

Sababu ya kutaka kila mmoja awe na maikrofoni yake ni kwamba marafiki hawangojani. Kwenye lokesheni nyingi fundi wa sauti huwaomba waigizaji wasiingiliane, kila mtu amalize ndipo mwenzake aanze, ili mhariri apate mahali pa kukata. Ombi hilo lina maana yake pale unapopiga uso mmoja mmoja. Lakini linatoa mazungumzo ya watu waliokutana benki. Sisi tuliwaacha wapandane maneno, shoti moja ndefu, wote wawili ndani, kila sauti kwenye njia yake, na baadaye kwenye uhariri tukaweza kuinua huyu na kushusha yule.

Ua wa Ngamiani si studio. Kuna bodaboda, kuna kuku wa jirani, kuna mtu anaponda ukwaju, kuna watoto wanatoka madrasa. Tulipita nyumba hadi nyumba kabla ya kuanza, tukipiga hodi, shikamoo kwa wazee, tukaeleza, tukaacha kitu kidogo cha shukrani. Hakuna aliyetukatalia. Friji ya mwenye nyumba tuliizima kila tulipowasha kamera kwa sababu ya mvumo wake, na fundi wetu wa sauti akawa anaweka funguo za pikipiki yake ndani ya friji ileile, ili asiweze kuondoka usiku kabla ya kuifungua na kukumbuka kuiwasha. Samaki wa bibi hawakuharibika hata siku moja. Na kila tulipomaliza shoti, kabla mtu hajainuka, tulinyamaza wote dakika nzima na kurekodi kile kimya cha mahali: majani ya mwembe, redio ya mbali, hewa yenyewe. Bila hicho, ukikata neno kwenye uhariri linabaki shimo, sikio linalisikia hata kama akili haielewi.

Adhana hatukuikimbia. Ngamiani ina misikiti kadhaa, na adhana za magharibi hupishana kidogo tu, hii ikianza ile inaendelea. Tuliandika sini yake. Muda huo, kama saa kumi na mbili na nusu, wale wawili wako kwenye sehemu kali ya mazungumzo, wamekaribia kabisa lile swali. Adhana inaanza. Anayesukwa anavuta kanga kuufunika upande wa kichwa uliokwisha sukwa na upande ambao bado, na msusi anaacha chanuo limesimama kwenye nywele, mikono inatua kwenye mabega ya mwenzake. Hawasemi kitu mpaka iishe. Ikiisha, msusi anauliza kama chai bado ipo. Sini hiyo ilikuwa na nafasi moja tu kwa siku, kwa sababu adhana ya magharibi hairudiwi, na huku kwetu jua likishazama giza halichelewi. Siku ya kwanza pikipiki ilipita katikati. Tukafunga vifaa, tukasubiri kesho, na nywele hazikuguswa. Siku iliyofuata tuliipata, na ndiyo iliyomo.

Upande wa vibali nitasema kwa ufupi, maana vijana huuliza. Filamu zinasimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya Sheria Namba 4 ya mwaka 1976. Peleka skripti mapema, omba kibali cha kupiga picha, na ukimaliza peleka filamu ikaguliwe na kupewa daraja. Jitambulishe serikali ya mtaa. Lipa kila mtu, hata kama ni kidogo, na mwandikie mkataba hata aliye ndugu yako, hasa aliye ndugu yako.

Kwenye uhariri kazi ilikuwa kutoa. Mhariri wetu ana tabia nzuri: anatazama kwanza sini nzima akiwa amezima sauti, anaandika anachodhani kinasemwa, ndipo anaiwasha. Pale ambapo uso umeshasema, mstari anaupa alama. Tulikaa tukaitazama mistari hiyo mmoja mmoja. Mingine ilikuwa mizuri, niliipenda tangu kwenye karatasi, na ikaondoka. "Nitakukumbuka" iliondoka. "Usiende" ilikuwamo mara moja, dakika za mwisho, na ilipoondoka filamu ilisimama wima. Badala yake ilibaki sauti ya mafuta ya nazi yakipakwa kwenye mistari ya kichwa, polepole kuliko inavyohitajika, kwa sababu yakiisha hayo kazi imekwisha.

Tuliionyesha mara ya kwanza kwenye ua uleule, projekta ya kuazima na shuka jeupe ukutani. Waliokuja wengi walikuwa wanawake wa mtaa, na hawakutazama kimya. Watu wetu wamezoea kuisemesha filamu. Kwenye vibanda vya video wamekua na filamu za nje zikitafsiriwa na mtu mwenye kipaza sauti. Lakini safari hii walikuwa wanajibu kabla ya mhusika. Msafiri alipouliza kuhusu maji ya chumvi, mama mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti, "Anaogopa kuuliza." Mwingine akamjibu, "Na yeye anaogopa kuulizwa." Hakuna aliyewaeleza. Kurasa nzima za maelezo ambazo sikuziandika walikuwa nazo wenyewe, kwa sababu kila mmoja ana shoga yake na kila mmoja ana lile jambo ambalo halijaulizwa.

Ilipoisha walibishana mpaka mwenye nyumba akaleta chai. Kundi moja lilisema msusi alimkosea mwenzake, kwamba urafiki gani huo wa kumwacha mtu aende bila kumwambia kilichokufika. Kundi lingine, humo wakiwemo wawili waliowahi kufanya kazi Ghuba, lilisema alifanya vema, kwamba mwenzake ana watoto wa kusomesha, ameshakopa nauli, ataenda tu, na kumtia hofu usiku wa mwisho si urafiki. Bibi mmoja alisema kwamba alimwambia, kwa mikono, na asiyeona hilo hajawahi kusukwa na mtu anayempenda. Nilichukua daftari nikaandika yote.

Baadaye mnunuzi mmoja aliipenda, akataka kuichukua kwa sharti moja: tuongeze sini fupi ya kumbukumbu kuonyesha kilichompata msusi kule Muscat. Alisema itauzika zaidi, na huenda ni kweli. Nilikwenda kuwauliza wale waigizaji wawili kabla ya kumjibu, kwa kuwa kazi ni yao pia na mgao wao uko kwenye mkataba. Nilimkuta wa Bagamoyo amekuja Tanga, amekaa mkekani kibarazani kwa msusi, kichwa nusu. Wote wawili walikataa kwa pamoja, mmoja akianza sentensi na mwingine akiimaliza. Nikampigia yule bwana nikamwambia haiongezwi.